Mafungu 32

Jumapili, 14 Januari 2024, Amani

Mafungu yametoka. Nyumba ya baba imekatwa mafungu 32: mama 4, kaka 14, mimi 7, mdogo wangu 7. Thumni ya mke imetolewa kwanza, iliyobaki mwanamume akachukua mara mbili ya mwanamke. Hesabu hii niliipiga kwa kalamu ya risasi tangu kwenye arubaini, kwa hivyo kadhi alipoisoma sikushtuka. Hakuna aliyenuna. Kununa kumekuja jioni, mume wa mdogo wangu alipouliza jambo ambalo tangu msiba kila mtu alikuwa akilipita pembeni: mwenye fungu kubwa kuliko sote ana pasipoti ya Uingereza, ataandikwaje?

Kaka alizaliwa Mnazi Mmoja, akasoma Lumumba, akaondoka 2001 na begi la kuazima. Sasa yuko Milton Keynes na mke na watoto. Tanzania haina uraia wa nchi mbili. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake, wa huku unamtoka. Na Uzanzibari nao, kwa sheria yake ya 1985, umesimama juu ya uraia wa Tanzania. Cha chini kikichomolewa, cha juu hakina pa kukaa. Kwa hiyo mtoto wa mtaa huu, anayejua kila kichochoro baina ya Kilimahewa na Sebleni, mbele ya karatasi za ardhi yuko foleni moja na mtalii aliyeshuka leo kwenye boti.

Juzi Mapinduzi yametimiza miaka 60, na sherehe zimefanywa hapa kwetu, kwenye uwanja uliokarabatiwa. Masikio yangu bado yanavuma. Mama amekaa ndani siku nzima na buibui kichwani, anasema zile ndege za sherehe zilipita juu ya choo chake makusudi.

Jumamosi, 27 Januari

Tangu uwanja ufunguliwe tena mwezi wa Disemba, madalali hawapungui mtaani. Wa leo kaja na viatu vilivyong'arishwa, kaamkia vizuri, kakaa barazani kama mtu aliyekuja kuhani. Kisha akatoa neno: mteja yupo, ana dola, anataka nyumba nzima avunje ajenge ghorofa ya vyumba vya kukodisha. Nikamuuliza mteja ni nani. "Ni mzungu, bi mkubwa, lakini usitie wasiwasi, karatasi zitakuwa kwa jina la kijana wake wa hapa hapa."

Nimemwambia aondoke, ila kabla hajaondoka nimempa kahawa, maana nilitaka nijue biashara hiyo inakwendaje. Anavyoeleza ni nyepesi kama kununua muhogo. Mwenye fedha ni mgeni. Mwenye jina ni kijana, ana kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, pengine ni dereva wake, pengine mkewe. Karatasi ya pili inaandikwa pembeni, kwamba kijana anadaiwa fedha zote za ujenzi. Siku kijana akigeuka, mgeni anatoa ile karatasi. Siku mgeni akifa, kijana anaichana. "Wengi wamegombana," kasema dalali, na hakuonekana kusikitika.

Sheria yenyewe haina kificho. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa niaba yetu. Anachopata mtu ni haki ya matumizi, na kwa Sheria ya Ardhi namba 12 ya 1992 haki hiyo ni ya Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Hupatikana kwa kupewa na Waziri, kwa kutambuliwa wakati wa upimaji, kwa kurithi, kwa kununua au kwa hiba. Ikishapatikana haina mwisho wa miaka. Mgeni yeye hukodishwa, kwa ajili ya uwekezaji, na muda wake unaweza kufika miaka 99. Akitaka pa kulala bila ya kujenga hoteli, zipo fleti kwenye miradi iliyoidhinishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kama ile ya Fumba, na akinunua ya dola 100,000 au zaidi hufunguliwa mlango wa kibali cha ukaazi.

Nimeisoma tena hiyo sentensi ya mwisho niliyoandika. Dola 100,000.

Alhamisi, 8 Februari

Shemeji kavuka na boti ya asubuhi, na jambo lake kalifunga kwenye bahasha. Kauza kiwanja chake kimoja Kigamboni na anataka kuyanunua mafungu 14 ya kaka, kwa bei ambayo kaka mwenyewe kaikubali kwa simu. Fedha taslimu, bila ya mkopo, bila ya dalali. Nyumba ibaki ya kifamilia, mama akae mpaka Mungu atakapomchukua, yeye na mke wake wajenge vyumba viwili nyuma kwa ajili ya uzeeni. Mtu angetaka nini zaidi?

Tukaenda kwa wakili. Kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza, "Wewe kwenu wapi?" Tabora. "Una kitambulisho cha Mzanzibari?" Hana. "Basi huwezi."

Nimemwona shemeji akijishika goti. Ni raia wa Jamhuri ya Muungano, kazaliwa raia, babu yake raia, amemwoa mdogo wangu miaka ishirini na ushei iliyopita na amezika watu wetu kwa mikono yake. Wakili kamweleza kwa upole: ardhi haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Orodha ilianza na mambo 11 mwaka 1964, leo yako 22, na ardhi haikuingia hata mara moja. Kila upande una sheria zake. Kwa Zanzibar, mstari unapita kati ya Mzanzibari na asiyekuwa Mzanzibari. Utanzania peke yake hautoshi.

Tuliporudi hakuzungumza mpaka Mwembe Makumbi. Hapo ndipo akasema, bila ya hasira: "Dada, mdogo wako ana kiwanja Chanika kwa jina lake. Hakuna aliyemuuliza kwao wapi."

Kweli. Sheria ya Ardhi ya Bara, ya 1999, inamfungia mlango asiye raia, kifungu cha 20, isipokuwa kwa uwekezaji. Mzanzibari huko ni raia, ananunua kama mtu wa Singida. Huku, mtu wa Singida hanunui. Wabara wameisema kero hii miaka na miaka, na sisi huwa tunawajibu haraka haraka kisha tunageuza mazungumzo.

Jawabu lipo, ila si la haraka. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, katika nchi ya watu 61,741,120. Upande mmoja wa mizani una Kariakoo peke yake inayoweza kununua Unguja kaskazini mpaka kusini kabla ya msimu wa embe kwisha. Mlango ukifunguliwa wazi, hakuna atakayetumia nguvu kumtoa mtu, bei itamtoa. Namwamini shemeji. Kanuni haikuandikwa kwa ajili ya shemeji, lakini ni yeye aliyegonga kichwa.

Jumapili, 25 Februari

Nimefundisha historia skuli miaka yote, na sikuwahi kuipanga hadithi ya ardhi kwa namna ninavyoipanga sasa, usiku, na leja ya mirathi ikiwa mezani.

Ng'ambo, ambako babu yangu mzaa baba alijenga kibanda cha kwanza, mtu alikuwa mwenye nyumba lakini si mwenye ardhi. Udongo chini ya ukuta wake ulikuwa wa tajiri au wa wakfu, na kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja. Kodi zikapandishwa mpaka mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kuzilipa. Kule Mombasa mambo haya hayajesha mpaka leo: Majengo na kwengineko zimo nyumba zinazouzwa kuta na paa, "nyumba bila ardhi", na mwenye ardhi ni jina la mtu ambaye wapangaji hawajapata kumwona. Wakenya waliwakata wageni kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 65: asiye raia hukodi tu, tena isizidi miaka 99, hata mikataba ya miaka 999 ya wakoloni ikapunguzwa. Ya mwenye ardhi asiyeonekana hayakumalizwa na ibara hiyo.

Kisha mashamba. Bei ya karafuu ilipoanguka, wenye mashamba, Waarabu na Waafrika, walikuwa wamekwisha kuyaweka rehani kwa Wahindi waliowakopesha. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ikapitisha amri: ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu wa kabila jengine bila ya ruhusa, na madeni yakasimamishwa kwa muda. Serikali ya India ilimtuma K.P.S. Menon kuja kuchunguza. Mzozo ukaendelea kupitia Chama cha Wakuzaji wa Karafuu, mpaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu za Zanzibar, huku na kule Bombay.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba amri ile ilimlinda mkulima. Wanafunzi werevu waliniuliza mkulima gani, kwani aliyelindwa ni mwenye shamba. Mchumaji wa karafuu na mtu aliyekaa kwenye shamba kwa ihsani hawakuandikwa popote. Mmoja, msichana wa Jang'ombe, alisema tena vizuri zaidi: walimkataza Mhindi kununua, hawakumpa mtu ardhi.

Hilo lilikuja na 1964. Ardhi yote ikawa ya serikali, na kuanzia 1965 Mzee Karume akaanza kugawa eka tatu tatu. Babu mzaa mama alipata zake Mwera. Majumba ya Mji Mkongwe yalitaifishwa, familia za mashamba zikaingizwa vyumbani humo, chumba kimoja familia moja, chini ya dari zilizochongwa kwa ajili ya mtu mwengine. Wenyewe walikuwa Muscat, Dubai, London, au hawako tena duniani. Simo miongoni mwa wanaotaka jambo hili lizungumzwe kwa upande mmoja. Babu alilia kwa furaha akishika karatasi ya eka tatu, mama anakumbuka. Na jirani yetu wa zamani wa Shangani naye alilia.

Jumanne, 19 Machi

Mfungo wa nane, na joto halikupungua. Binamu wa Paje kaja kufuturu. Tumekula tambi na muhogo wa nazi, kisha tukafika kwenye hadithi yake, ambayo hukataa kuisimulia akiwa na njaa.

Huko kwao ardhi haikuwa ya mtu. Palikuwa na kiambo, pahala pa nyumba na minazi ya ukoo, na palikuwa na uwanda, mawe na vichaka, ambapo kila mwenyeji alikata kuni na kulima mtama kwenye vishimo vya udongo. Mtu alimiliki mti. Ungeweza kuwa na minazi saba juu ya ardhi usiyoidai, na mjomba wako akawa na mitatu hapo hapo katikati ya yako, na hamgombani, kwani kila mnazi ulikuwa na mwenyewe. Waingereza walikuja kuandika mambo haya: Pakenham juu ya Wahadimu wa Chwaka, mwaka 1947, na baadaye Middleton, 1961. Wote wawili walihangaika kuyatia kwenye visanduku vya sheria yao.

Baada ya sheria ya uwekezaji ya 1986 wakaja watu wa hoteli. Walipofika ufukweni kwao Paje wakauliza nani mwenye ardhi. Ardhi ya serikali. Miti je? Miti ya watu. Basi fidia ikalipwa kwa mti, mnazi mmoja bei yake, na baba yake binamu akapokea fedha za minazi kumi na kitu, akanunua baskeli na bati. "Baba aliuza minazi," kasema binamu akijipigapiga mkono kutoa makombo, "ardhi ikafuata yenyewe." Mwaka uliofuata kulikuwa na ukuta, na njia ya kwenda kuvuna mwani ikazunguka nusu saa.

Yule mwekezaji hakuvunja sheria. Ana mkataba wake wa kukodi, analipa anachotakiwa. Ndipo ninapomrudia shemeji. Mtu wa nje mwenye mtaji ana njia iliyopangwa, ina ofisi, ina fomu, na ina miaka 99 ndani yake. Mtu wa Tabora mwenye bahasha ya kuwasitiri wakwe zake hana fomu. Ulinzi tumeuweka, lakini mlinzi kapewa jina moja tu la kulikataa.

Eka tatu nazo zimegeuka. Karatasi ya babu inasema shamba la kulima, lisiuzwe, lisikatwe vipande. Nenda Mwera leo utazame ni matofali mangapi.

Jumamosi, 30 Machi

Binti ami kapiga kutoka Muscat, kumsalimia mama. Nilipomweleza tulivyokwama, kacheka. Kwao pia mgeni hanunui atakako: kwa amri ya Sultani namba 12 ya 2006 asiye Muomani huruhusiwa kumiliki ndani ya maeneo maalumu ya utalii, kama Al Mouj. Jirani yake ni daktari wa Kerala aliyekaa Oman umri wake wote na bado anapanga. "Na nyinyi mlioondoka Zanzibar," nikamuuliza, "mngetaka kurudi kununua?" Kanyamaza kidogo, kisha kauliza bei ya karafuu.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano nao umetimiza 60. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, uwani kumejaa maji, bati la jikoni linavuja mahali pawili.

Wakili kaja mwenyewe nyumbani, kwa heshima ya mama. Njia aliyoleta ni hii. Kaka asiingie kwenye hati kabisa. Atoke kwenye mirathi kwa kukubali thamani ya fungu lake, jambo ambalo fiqihi inalijua na makadhi wanalijua: mrithi analipwa na warithi wenzake, na lake linabaki kwao. Mlipaji awe mdogo wangu, ambaye ni Mzanzibari na ni mrithi. Atakuwa na mafungu 21 katika 32. Fedha zitatoka kwa mumewe, na zitaandikwa kuwa ni deni la mke kwa mume. Kisha maombi yapelekwe Bodi ya Uhaulishaji Ardhi.

Shemeji kauliza: deni hilo linanipa nini kwenye nyumba? Wakili kajibu: kwenye nyumba, hakuna kitu. Linakupa haki ya kudai fedha zako.

Mimi nikauliza swali ambalo lilikuwa linanichoma tangu Februari. Mdogo wangu akitangulia mbele ya haki, mumewe ni mrithi wake. Wana watoto, basi robo. Robo ya 21 katika 32. Aliyekataliwa kununua atakuwa amepata kwa kufiwa, na tutakuwa tumerudi pale pale alipo kaka leo, mrithi asiyeandikika. Wakili katazama kikombe chake. Akasema ndiyo, dini inampa fungu na sheria ya ardhi inauliza yeye ni nani, na dawa ni kuliandikia mapema kuliko kungojea kuliamua juu ya jeneza.

Basi kaandika: likitokea hilo, thamani ya fungu la mumewe ilipwe na washirika waliobaki, wenye shufaa, yaani haki ya kutangulia kununua, kwa bei ya mthamini. Mdogo wangu alikuwa akisikiliza watu wanne wakipanga kifo chake, akaniambia nimpishe apite, anakwenda kutia ndoo chini ya bati.

Huu ni ule ule mpango wa dalali, nimeuona vizuri: fedha za mmoja, jina la mwengine, karatasi ya deni pembeni. Tofauti ni kwamba wetu unasomwa mbele ya sheha na kila mtu ndani ya chumba anapendana na mwenzake. Sijui kama msajili ana kisanduku cha kutia alama kwa tofauti hiyo.

Jumamosi, 11 Mei

Sahihi zimetiwa. Sheha kagonga muhuri kila ukurasa na kutaka nakala tatu za vitambulisho vya kila mmoja. Shemeji kajikuta mfukoni ana cha Taifa tu, ambacho kwa deni kinatosha. Kaka katuma uthibitisho wake uliotiwa sahihi kwa mwanasheria huko Uingereza, pamoja na ujumbe mrefu kwa mama ambao mama hakutaka usomwe mbele za watu.

Kilichobaki ni Bodi, na ramani. Ramani ndiyo itakayotusumbua: ile ya baba inaonesha ukuta wa mashariki futi nne ndani ya ulipo sasa, na jirani ana ramani yake. Mpimaji anakuja Jumatatu. Bati la jikoni mama anasema alitengeneze mwenye mafungu 21, na mwenye mafungu 21 anasema mafungu yamehesabiwa kwa mirathi, si kwa mabati.